Kombi Aliyoichagua Mektrida

Mektrida alipomaliza kidato cha nne alikuwa na njia mbili. Shule ya wasichana mjini Moshi, yenye maktaba na walimu kamili, ilikuwa tayari kumpokea, ila nafasi iliyobaki ilikuwa ya Historia, Jiografia na Kiingereza. Shule ya kata ya huko kwao Kibosho ilikuwa imeanzisha kidato cha tano mwaka huo, nayo ilikuwa na kombi ya EGM, yaani mchanganyiko wa Uchumi, Jiografia na Hisabati. Mwalimu wa hisabati hawakuwa naye.

Baba yake, mzee Leodegar, aliona jambo hilo halina mjadala: mtoto aende mjini. Mektrida alimsikiliza mpaka mwisho, wakipalilia kihamba chao cha kahawa na migomba, kisha akamweleza kwamba anataka kusoma takwimu chuo kikuu, na bila hisabati hawatampokea hata akitoka shule nzuri namna gani. Siku ya tatu mzee alirudi kutoka sokoni na kaunta buku tatu, madaftari makubwa ya masomo ya EGM.

Walianza EGM wakiwa watatu. Kufikia Oktoba wenzake wawili walikuwa wamehamia kombi nyingine. Mkuu wa shule, Madam Magreth, alimwomba naye ahame. Akakataa kwa adabu. Basi vipindi vya hisabati akapangiwa Mwalimu Filemon wa jiografia, akae naye tu, asiwe peke yake darasani. Filemon alikuwa na miaka hamsini na miwili, na hisabati ya kidato cha nne alipata F. Hakumficha.

"Basi nitakufundisha mimi, mwalimu," Mektrida alisema. "Ukikwama, nitajua hata mimi sijaelewa."

Ikawa hivyo. Alisoma kitabu nyumbani, akaja kueleza ubaoni, na Filemon akauliza kila asichokielewa, bila aibu. Mara nyingi binti alisimama na chaki mkononi, akakosa jibu, akarudi kesho yake na njia nyingine.

Siku moja walifika kwenye mistari iliyopinda, namna ya kupata mwinuko wake kwenye nukta moja tu. Filemon alikataa. Mwinuko unataka nukta mbili. Ndivyo alivyofundisha ramani miaka ishirini na sita. Akachora kontua za mteremko wa Kibosho, ile mistari ya ramani inayoonyesha kimo, akatia nukta mbili kumwonyesha.

Mektrida aliutazama mchoro muda mrefu. Kisha akazisogeza karibu zile nukta mbili, akapiga hesabu ya mwinuko. Akazisogeza karibu zaidi, akapiga tena. Majibu yalikuja yakipungua hatua kwa hatua, yakiikaribia namba moja ile ile, wala hayakuivuka.

Filemon alisimama.

"Kwa hiyo mlima una mwinuko wake hata hapo hapo unapokanyaga," alisema taratibu.

"Ndiyo, mwalimu."

Filemon alitoka nje. Aliutazama mteremko alioupanda tangu utotoni, akabaki pale mpaka kengele ilipogongwa.

Matokeo ya kidato cha sita yalitoka Julai: Jiografia A, Uchumi A, Hisabati B. Daraja la kwanza. Filemon alimwambia Madam Magreth kwamba binti angekuwa na mwalimu wa kweli, ile B isingekuwa B. Lakini B ilitosha. Chuo kikuu kilimpokea Mektrida kusoma takwimu.

Mzee Leodegar alipanda shuleni na mkungu wa ndizi begani kumshukuru Filemon.

"Mimi sikumfundisha, mzee," Filemon alisema. "Ila nimeona kitu. Miaka yote hii sikuwahi kumwona mtu akielewa jambo mbele ya macho yangu namna ile. Niliogopa."

"Uliogopa nini, mwalimu?"

"Sijui. Kama unavyoogopa ukiingia kanisani peke yako."

Mzee alivua kofia, akakaa naye kwenye benchi nje ya ofisi. Ndani, wasichana wawili wa kidato cha tano walikuwa wanajiandikisha kusoma EGM. Walikuwa wameshaambiwa kwamba mwalimu wa hisabati bado hajapatikana.