Waya wa Plagi ya Pampu Namba Tatu

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, mwanamke waliyemwita Testa alifungua karakana ya umeme ya kiwanda cha juisi, akatundika mkoba wake msumarini, akaona kwamba waya wa kijani na njano umeota tena. Ijumaa aliuacha na urefu wa kidole. Sasa ulikuwa umeshuka ukutani, umeuzunguka mguu wa meza, na ncha yake ilikuwa imeshatoka nje kupitia dirishani. Testa aliupima kwa futi ya utepe akapata mita nne na nusu. Kisha akachemsha maji ya chai.

Waya huo ulitoka ndani ya plagi nyekundu, kubwa kama ngumi mbili, ya aina ile ya viwandani: pini tano, kola ya kukaza isichomoke, na mpira wa kuzuia maji yasiingie. Ilikuwa plagi ya pampu namba tatu, inayosukuma maji ya kuoshea matangi. Sasa ilikuwa imetundikwa ukutani na kubandikwa karatasi iliyoandikwa USHAHIDI, kwa sababu wiki tatu zilizopita iliua mtu.

Aliyekufa alikuwa mwosha matangi, mcheshi mmoja waliyemwita Mluzi kwa kuwa mikono yake haikwenda bila mdomo kupiga mluzi. Jumamosi ile alishika mwili wa pampu kwa mkono wenye maji, na mluzi ukakatika katikati. Plagi ilipofunguliwa, ule waya wa kijani na njano, ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme uliovuja, ulikutwa umekatwa na ncha yake kuvishwa utepe mweusi. Hakuna fundi asiyeijua hila hiyo. Maji yakiingia, umeme unavuja, breka, ile swichi ya usalama, inajizima, kazi inasimama, wakubwa wanafoka. Dawa yake ni kufungua, kukausha na kubadilisha mpira. Njia ya mkato ni kuukata ule waya: breka inanyamaza, pampu inaunguruma, na umeme unakaa kwenye chuma ukimsubiri mtu.

Kwenye kadi ya ukaguzi iliyofungwa kwenye kebo, sahihi ya mwisho ilikuwa ya Testa, ya siku ya Alhamisi. Testa alisema kwamba Alhamisi hiyo aliiacha plagi nzima, nyaya zote tano mahali pake, skrubu zimekazwa. Walimsikiliza vizuri sana, kisha wakamnyang'anya kisanduku chake cha vifaa na kumpa kazi ya kuchambua taa zilizoungua, mpaka kamati ya uchunguzi itakapokaa Ijumaa ya wiki hii. Kamati ikimtia hatiani, leseni yake ingefutwa, na fundi umeme asiye na leseni ni mtu tu mwenye bisibisi. Hilo lilimnyima usingizi. Lililomchoma zaidi ni mjane wa Mluzi, ambaye siku hizi alikuwa akimpita getini bila kuitikia salamu.

Msimamizi wa karakana alikuwa baba yake mdogo. Ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita, na ndiye aliyemtia kwenye ufundi, wakati wasichana wenzake walipokuwa wakijifunza kusuka. "Waya huu wa kijani na njano uuache mrefu kuliko wenzake," alikuwa akimwambia wakiwa wameinamia plagi moja. "Kebo ikivutwa, hao wengine waachie kwanza. Huu uwe wa mwisho kuachia." Kamati ilipomhoji mara ya kwanza, Baba Mdogo alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Nimemfundisha mwenyewe. Inaniuma." Watu wakamhurumia. Testa naye alimhurumia.

Jumanne mtunza stoo aliukata waya kwa koleo kwa sababu ulikuwa ukizuia mlango. Kufikia saa sita ulikuwa umejiunga wenyewe, tena kwa kiungo kizuri kuliko cha mafundi wengi. Jumatano ulipanda paa la kantini, ukashuka upande wa pili, ukaelekea getini. Mlinzi, ambaye hakuwa mtu wa kupitwa na kitu, aliandika kwenye daftari lake: Waya umetoka saa nne na dakika kumi, bila kibali.

Alhamisi, kazi ilipoisha, Testa aliamua kuufuata. Waya ulikuwa umeshavuka barabara na sasa ulikua kwa mwendo wa mtu aliyetumwa dukani akaenda bila haraka. Watu waliuruka wakaendelea na mazungumzo yao. Kinyozi mmoja aliusogeza kwa mguu ili afagie nywele, kisha akaurudisha ulipokuwa. Testa alikuwa na uhakika unakokwenda. Opareta wa pampu namba tatu alikuwa mtu wa kisirani, aliyewahi kusema mbele ya kantini nzima kwamba mwanamke hana biashara na umeme, na nyumba yake ilikuwa mtaa huohuo. Testa alikuwa ameshampangia maneno, makali kwa matamu, na alikuwa akiyarudiarudia njiani.

Waya ulifika mlangoni kwa opareta ukapita. Haukupunguza hata mwendo.

Testa alisikitika kidogo, maana maneno yalikuwa mazuri. Lakini waya ulipokata kona kwa fundi viatu, akapunguza mwendo. Kona hiyo aliijua. Aliujua ukuta uliobomoka upande mmoja, na mfereji ambamo alitumbukiza kandambili yake siku ya kwanza alipoletwa mtaa huo akiwa mtoto. Alitamani waya uchoke. Haukuchoka. Ulipita chini ya geti la bluu, ukavuka ua, na Mama Mdogo, aliyekuwa akifua, akanyanyua beseni lake ili upite.

Baba Mdogo alikuwa amekaa barazani na kikombe cha chai. Waya ulipanda ngazi tatu, ukapita kando ya viatu vyake, ukamzunguka kifundo cha mkono wa kulia mara tatu, kwa utaratibu, kama mtu anayefunga bendeji. Akahamishia kikombe mkono wa kushoto.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Pita huku, usijikwae."

Testa hakupita. "Kumbe ni wewe."

"Ijumaa ile breka ilijizima mara tisa," Baba Mdogo alisema. "Meneja kanisimamia kichwani. Nikasema acha nikate kwanza, jioni nitaurudisha. Jioni nikasahau."

"Na jina langu je?"

"Jina lako nililikuta pale kwenye kadi. Sikuliandika mimi."

"Si ungesema tu, Baba Mdogo! Wiki tatu zote hizi!"

"Nimebakiza miezi minane nistaafu. Wewe bado una nguvu, utaanza upya. Mimi nitaanzia wapi?" Akapuliza chai, akanywa. "Nilijua utanielewa. Wewe ni mtoto wangu."

Kama mkosaji angekuwa opareta, Testa angepiga kelele mpaka mtaa ujae. Lakini huyu alikuwa mtu aliyemfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule, na sasa amemtosa kwa sauti ileile ya upole, bila hata kukiweka kikombe chini. Mama Mdogo aliendelea kufua. Alikuwa akisugua kola moja ya shati kwa muda mrefu sana, na Testa akaelewa kwamba naye alikuwa akijua.

"Kesho utawaambia?" Testa aliuliza.

"Kesho tutaiona kesho. Chai ipo, karibu."

Ijumaa kamati ilikaa saa tatu. Plagi iliwekwa katikati ya meza. Waya ulitoka kwenye plagi, ukapita dirishani, ukaenda mpaka nyumbani kwa Baba Mdogo, ukarudi naye kazini na kuingia kupitia mlangoni, umejizungusha kwenye mkono wake. Wajumbe walinyanyua miguu ili ukae vizuri chini ya viti. Mjane wa Mluzi alikaa karibu na ukuta, mkoba wake mapajani.

Meneja, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti, aliuliza sahihi ya kwenye kadi ni ya nani.

"Ya Testa," alisema Baba Mdogo.

"Alifundishwa kazi hii ipasavyo?"

"Alifundishwa vizuri sana."

"Baada ya Alhamisi, kuna mtu mwingine aliyeifungua plagi hii?"

Baba Mdogo alijikuna kifundo cha mkono, pale waya ulipombana. "Simjui," alisema. Akamruka Testa kimanga hivyohivyo, macho makavu, huku akimtazama usoni.

Testa alisimama. Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Waya umemfunga mkono. Uko pale."

"Tunauona," alisema mwenyekiti. "Kaa chini. Tuendelee na ajenda inayofuata."

Ajenda iliyofuata ilikuwa kufuta leseni, na haikuchukua dakika tano. Katibu aliomba waya usogezwe kidogo apate pa kuandikia.

Nje, mjane alimsubiri kando ya geti. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alimshika mkono, kwa mikono yake yote miwili. "Mdogo wangu," alisema, "nimeuona. Nimejua si wewe."

"Basi turudi ndani, dada, ukaseme."

"Nimeshasaini asubuhi kwamba ni wewe. Nyumba tunayokaa ni ya kiwanda. Nisingesaini, wanangu wangelala wapi?" Hakuuachia mkono wa Testa haraka. Kisha alikwenda kuwachukua watoto shuleni, akiuruka waya getini kama kila mtu.

Baada ya hapo Testa alikuwa akitengeneza pasi na redio nyumbani kwake, kazi zisizoulizwa leseni. Waya ulibaki. Mama Mdogo alianikia nguo zake kwenye sehemu iliyopita uani, akasema unafaa kuliko kamba maana hauingii kutu. Fundi cherehani aliyatanua mashati ya Baba Mdogo mkono wa kulia. Kiwandani, kila fundi mpya alionyeshwa pa kuurukia.

Miezi minane ilipotimia, Mama Mdogo alikuja kwa Testa, akakaa kitandani bila kuvua mtandio. "Twende naye kwenye sherehe yake ya kustaafu," alisema. "Watu watauliza mbona mtoto wake hayupo. Usituaibishe, mama."

Testa alitaka kukataa. Jibu alikuwa nalo, tena kali. Lakini usiku wa homa zake za utotoni mwanamke huyu ndiye aliyekesha, kwa hiyo alifungua kabati akatoa gauni lake la bluu.

Meneja alitoa hotuba. Alisema miaka thelathini na minne bila doa si mchezo. Watu walipiga makofi, wakapanga foleni kumpa Baba Mdogo mkono, wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa na waya. Kisha wakaitwa wa familia wapige picha. Mama Mdogo alisimama upande mmoja, Testa upande wa pili, na Baba Mdogo katikati, saa ya ukutani aliyozawadiwa ikiwa kwapani.

Mpiga picha aliinama, akachungulia, akainuka. Alisema waya unakatiza vifua vya watu na picha itaharibika.

"Mwanangu," Baba Mdogo akamwambia Testa, "hebu nishikie kidogo."

Testa alitoka kwenye mstari. Aliukusanya waya kwa mikono miwili, akauvuta pembeni mpaka mpiga picha akasema hapo hapo, hauonekani. Ulikuwa wa vuguvugu. Picha ilipigwa mara tatu, ili wote watoke vizuri.