Nundu ya Gunia

Mektilda alinunua muhogo wa kisiwa cha Mbaazini kwa lumbesa, kama wenzake wote wa Kariakoo: gunia likishajaa linashonewa wavu mdomoni, linaongezwa mpaka liote nundu, na nundu hailipwi. Kila asubuhi, mlangoni pa stoo yake, alizibonyeza nundu kwa viganja. Zilizolegea alizirudisha.

Mwaka mvua zilipogoma, wakulima wa Mbaazini hawakuwa na muhogo wa kujazia nundu. Wakajazia kisiwa. Katika gunia la kwanza Mektilda alikuta njia ya kisimani, imekunjwa vizuri. Lililofuata lilikuwa na kisima chenyewe, kikawalowesha wabeba mizigo migongo. Vyote viliuzika. Njia ilichukuliwa na mtu wa Mbagala ambaye kiwanja chake hakikuwa na pa kupitia.

Kisha akaja Mauza, bibi mjane wa Mbaazini, na gunia lake la muhogo. Babu zake ndio walioanzisha kijiji cha kisiwani, wakivusha udongo kwa makanda kutoka bara mpaka mwamba mtupu ukaota muhogo. Sasa alikuwa amebakiwa na kaburi la mumewe na kishamba kilicholizunguka.

"Shikamoo bibi," Mektilda alisema.

"Marahaba mwanangu. Leo nipokelee hivi hivi, bila nundu."

Mektilda alimwonea huruma, kweli kabisa. Mama yake mzazi, huko Rombo, analia kila msimu kwa sababu ya lumbesa ya viazi.

"Nikikupokelea wewe, kesho wote watakuja hivi. Soko ndivyo lilivyo, bibi. Kajazie."

"Nijazie nini?"

"Si unajua mwenyewe kilichobaki?"

Mauza alirudi kisiwani, akajazia chote kilichobaki. Alipolileta tena gunia, mawe mawili ya kaburi yalichomoza kwenye wavu. Mektilda alijitanda kanga kichwani kwa heshima, akaibonyeza nundu, akasema iko sawa. Kabla ya adhuhuri kaburi lilinunuliwa na familia moja ya mjini iliyokosa nafasi makaburini. Hawakujali kwamba lilikuwa na mwenyewe ndani.

Nahodha alimwambia Mauza asisubiri boti ya kurudi. Pale alipompakilia pamebaki maji. Akamwomba radhi kwa usumbufu.

Mektilda ana moyo, akampa kazi. Mauza anakaa mlangoni pa stoo na sindano ya magunia. Wakulima wa visiwa vingine wakimsihi awafungie mapema, huishika nundu kwanza.

"Bado, mwanangu," huwaambia kwa upole. "Ongeza kidogo."