Pasi ya Kumi

Uwanja wetu wa mpira wa wavu pale Mkumbi ulikatwa ubavuni mwa mlima, na mpira ukikuponyoka unateremka mashambani hadi mtoni. Sheria ya Mwalimu Bernadi ilikuwa moja: aliyeharibu ndiye anayeufuata. Ile njia ya mtoni niliijua kuliko wachota maji.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walianza kufika na malori yao, na mmoja akaahidi kuipeleka timu yetu ya akina mama hadi Mbamba Bay, ikacheze na wenzetu wa ziwani. Mimi nimezaliwa huko. Mama yangu sikuwa nimemwona miaka miwili. Mwalimu akaniambia wazi, "Mektilda, Jumamosi nitakupigia mipira kumi. Minane imfikie Walburga pale wavuni, vinginevyo unabaki."

Walburga ni wifi yangu, dada wa mume wangu, na kazi yake ni kuchukua pasi zetu na kuwainulia wapigaji. Zangu alizikimbilia kushoto, maana zote zilikwenda huko. "Wifi, unanikondesha," aliniambia. Nilinuna, kwa kuwa ni kweli.

Alhamisi akanikuta nalima ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani. Akacheka. "Kumbe magoti unajua kuyakunja. Na miguu inatangulia jembe. Uwanjani mbona unasimama wima unarusha mikono?" Akanisimamisha kwenye tuta jembamba kati ya mashimo mawili, akaanza kunirushia mpira. Nikirusha mikono, naangukia shimoni. Nilianguka vya kutosha, nikamsema kimoyomoyo, lakini kufikia Ijumaa jioni miguu ilikuwa imeelewa.

Jumamosi, katika mipira tisa, saba ilimfikia. Miwili ilikwenda kushoto kama zamani.

Wa kumi niliupokea vizuri, ukapaa taratibu hadi pale pale anapotakiwa kusimama Walburga. Hakuwepo. Kwa mazoea alishakimbilia kushoto. Mpira ukadunda, ukashika njia ya mtoni, na miguu yangu ikaanza kuufuata yenyewe. Roho iliniuma, nikamwona mama akiniulizia kwa wenzangu.

"Mektilda, rudi," Walburga akasema. "Mwalimu, pasi ilikuwa safi. Nimehama mwenyewe."

Mwalimu akaandika jina langu kwenye orodha ya safari. Wifi yangu akateremka kuufuata mpira, mara ya kwanza tangu tuanze mazoezi. Nilikaa kwenye nyasi nikimsikiliza akigombana na mlima, na nilifurahi, sifichi.

"Mwandikie mama yako," alipaza sauti kutoka chini, "apike usipa, hao dagaa wenu wa ziwani, sufuria nzima. Huu mlima wako umenimaliza."