Vigae vya Kabatini

Kamati ya mtaa iliamua baraza za nyumba zote zifanane, tena ziwe za kupendeza hata miaka kumi ikipita. Mwenyekiti ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu. Cheo kimemkaa vizuri: tumbo limetangulia, akili inafuata nyuma ikihema.

Baraza yangu ilikuwa ya mawe bapa. Mke wangu aliyachagua mwenyewe, akiyamwagia maji aone rangi yake yakilowa. Mwanzoni yalikuwa mabaya kweli. Nikamwambia ameniletea machimbo nyumbani.

"Ngoja yazoee miguu," akasema.

Yakazoea, yakalainika, yakazidi kupendeza kuliko sisi wenyewe.

Basi kamati, kwa uangalifu wake, ikafanya majaribio ya vigae kwa mwaka mzima. Tukaitwa kuona matokeo.

"Kigae hiki," shemeji alikiinua kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, "hakijapauka, hakina doa, hakina ukungu!"

Makofi.

"Kilikuwa wapi?" nikauliza.

"Ofisini."

"Ofisini sehemu gani?"

"Kabatini, shemeji. Ulitaka nikianike juani kiharibike?"

Nikamtazama nikidhani anatania. Wapi!

"Hata mimi mkinifungia kabatini nitang'aa," nikasema.

Walicheka mpaka machozi, kisha kwa mikono ileile waliyofutia machozi wakapitisha vigae.

Nikamvuta shemeji pembeni. "Mawe yale ni ya dada yako. Niachie."

"Unadhani sina uchungu? Nikikuachia watasema napendelea ndugu."

Miaka yote hiyo uadilifu ulikuwa umepotelea wapi, hadi ukampata siku hiyo?

Mafundi walipofika na nyundo zao walikuta udongo mtupu. Mawe nilikuwa nimeyang'oa kwa mtalimbo, nikayapanga chumbani, toka mlangoni hadi kitandani. Mgongo ulinikomesha.

Vigae vilipokwisha kubandikwa, shemeji akaja kukagua. Mvua ilikuwa imenyesha. Aliteleza mara mbili kabla ya kuufikia mlango, akajifanya anacheza. Akachungulia chumbani.

"Mbona hivi?"

"Azimio lenu linasema baraza. Hapa ni chumbani."

Akavua viatu, akaingia taratibu, akasimama juu ya mawe ya dada yake kwa nyayo tupu.

"Yana ubaridi mzuri," akasema mwishowe.

"Sasa toka," nikamwambia, "kabla hujayaitishia mkutano."