Wimbo Usio na Maneno

Sauti yake ilitoka redioni ilhali mdomo ameufumba. Mama Pasi alisimama na shuka mkononi, mvuke ukimpanda usoni, akajisikiliza akiimba bila maneno chini ya saksafoni, kama mtu aliye nyuma ya mlango. Kisha mdogo wake, mpiga gitaa, akaingia wimboni na maneno yake: wanaofua machozi ya wengine, ya kwao nani atayafua?

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, vichwa vyote vikamgeukia.

"Kumbe ni wewe!" akasema mfuaji mwenzake. "Basi kesho tuongoze kwa mkuu wa hospitali. Glavu tumeziomba mpaka ndimi zimeota sugu. Wewe umetusemea."

"Mimi sijasema kitu."

"Umesema, mama. Umesema mpaka maneno yakakuishia."

Jioni alimkuta mdogo wake akibadilisha nyuzi za gitaa.

"Ulinirekodi lini?"

"Siku ile nilipokuletea chakula kazini. Ulikuwa umenipa mgongo, unapiga pasi. Dada, watu wanalia wakiusikia."

"Wanalia nini? Siku ile binti yangu alikuwa amefaulu mtihani! Nilikuwa na furaha mpaka shuka moja nikalipiga pasi mara mbili."

Mpiga gitaa akauachia uzi aliokuwa akiukaza.

"Mimi nilisikia uchungu," akasema polepole.

"Uliusikia wapi, nami sikuwa nao?"

"Sijui, dada. Albamu inatoka wiki ijayo. Nikiuondoa wimbo huo, itapwaya yote. Lakini ukisema niuondoe, nitauondoa."

Mama Pasi alitafuta hasira, akaipata. Asijue amkabidhi nani. Mdogo wake? Mkuu wa hospitali? Au yule mwanamke wa redioni, aliyekwenda kuyamwaga ya ndani bila kubisha hodi kwa mwenyewe? Kesho wenzake wangemsubiri mlangoni. Angeongea kwa kinywa kipi?

"Hebu uweke wimbo."

Alisikiliza akiwa amefumba macho. Furaha ilikuwamo, angeapa. Lakini kati ya sauti na sauti palikuwa na pumzi ndefu, nzito, ya mtu anayetua mzigo, au anayejitwika, hakuweza kutambua.

"Rudisha hapo."

Mdogo wake akarudisha.

"Tena," akasema Mama Pasi, akavuta kiti karibu.