Mstari wa Tano

Papa Kabongo alisoma polepole, kidole juu ya karatasi, miwani imeshuka hadi nchani mwa pua. Alipofika mstari wa tano alirudi mwanzo wa mstari, akausoma tena kimoyomoyo. Kisha akaniangalia.

"Mama Hortense, hii kazi ya tano ni ya nani?"

Ilikuwa Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, katika karakana ya pampu ninakofanya kazi, huku mtaa wa Panda. Mafundi saba walikuwa wameizunguka meza, kila mmoja na nakala yake ikiwa bado na joto la mashine. Mstari wenyewe ulisema: KUFANYA. Faili la Aimée lisiingie kwenye orodha mpaka mwisho wa mwezi. Na pembeni, mahali pa jina la mwenye kazi, paliandikwa Hortense.

Kwa miaka kumi na mmoja karatasi ya Jumatatu ilikuwa yangu. Kila mfanyakazi ana faili lake katika kompyuta ya ofisi, maandishi matupu bila mapambo. Kazi ikiingia, unaandika neno KUFANYA, tarehe, na maneno machache. Mimi ndiye niliyeifunza ile programu ya kuandikia kupita katika mafaili, kuokota kila KUFANYA na kuzipanga kwa siku. Lakini ilipita tu katika mafaili yaliyomo kwenye orodha, na orodha niliishika mimi. Faili lisilokuwemo haikuliona, hata lijae kazi pomoni. Injinia Symphorien, mkubwa wetu, alizoea kuwaambia wateja, "Uliza Mama Hortense." Maneno hayo yalinishibisha kuliko chai ya asubuhi.

Ndipo akaja Aimée, kwa miezi mitatu ya majaribio, kupokea wateja. Msichana huyo alijua kuandika. Pampu ya fulani inatetemeka asubuhi tu, ikiwa baridi. Ile nyingine ilianza kupiga kelele siku umeme uliporudi kwa nguvu. Mafundi walimpenda kwa sababu walijua pa kuanzia. Injinia akaanza kupita kwenye meza yake kabla ya kufika kwangu. Siku moja mteja kutoka Kikula alinikuta mlangoni, akaniuliza yuko wapi yule mama mdogo anayeelewa pampu. Karatasi za mteja huyo nilikuwa nimezishika mimi mkononi.

Nilimwonea wivu. Sitalipamba neno hilo. Nilimwonea wivu wa maandishi yake, wa vicheko vyake na mafundi, hata wa namna alivyokunywa chai kwa mkono mmoja huku mwingine ukiendelea kuandika. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji niliugua.

Sikumfutia kitu. Nililitoa tu faili lake kwenye orodha, basi. Na kwa kuwa mimi huandika kila kitu, hata chumvi ya nyumbani, hilo nalo niliandika, katika faili langu la siri ambalo halikuwahi kuwemo kwenye orodha. Nilijua pa kuficha kitu. Ndipo nilipokuwa nimemficha yeye.

Wiki tatu nzima kazi alizopokea hazikutokea kwenye karatasi. Masista fulani wa Kikula walikaa siku tisa wakibeba maji kwa vidumu, na pampu yao imelala uani kwetu bila kuguswa. Injinia alimwita Aimée, naye akamfungulia faili lake, kazi zote zimo. Injinia akaniuliza mimi. Nilisema huenda msichana anakosea kuandika tarehe. Majaribio yake yalikuwa yaishe Jumatatu ile, siku ya mwisho wa mwezi, na sote tulijua ataambiwa nini.

Ijumaa mchana alivuta kiti hadi mezani kwangu. Alikuwa amekesha na jambo lake kwa siku kadhaa, macho yamemwiva, lakini alitabasamu.

"Mama, minye nimeona. Mubaya ni liste. Liste inasahau bantu. Juu ya nini tunaanza na mafichier? Tuanze na kazi. Kila kazi yenye iko mu dossier, itoke yenyewe, hata fichier yake haiko mu liste."

Fichier kwake ni faili, na dossier ni folda ya ofisi inayobeba mafaili yetu yote. Alinionyesha alivyokwisha kuandika, mistari sita tu. Nilitafuta kasoro kwa bidii, na sikuiona. Hilo liliniuma kuliko yote. Hapo ndipo ningemwambia. Nilimwambia ajaribu.

Jumamosi na Jumapili, hata kanisani, niliwaza jinsi Injinia atakavyomsifu mbele ya watu. Faili langu la siri sikulikumbuka hata mara moja. Wivu ulikuwa umejaa kichwani, na hapakubaki nafasi ya akili.

Hivyo ndivyo programu ya Aimée ilivyouokota mstari wa faili langu la siri, na Papa Kabongo akauliza. Hakuna aliyecheka. Injinia alisoma, akailaza karatasi yake mezani, maandishi chini. Aimée alikuwa bado kwenye mashine ya kuchapa, akawa wa mwisho kusoma. Alisoma akiwa amesimama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila kumtazama mtu:

"Minye nilizania ni machine."

Aimée alibaki, na karatasi ya Jumatatu akapewa yeye. Mimi nilipelekwa stoo ya vipuri, ambako watu huniuliza habari za boliti. Jumatatu iliyofuata mstari wangu ulirudi, na pembeni programu ilikuwa imeongeza: imechelewa siku saba. Kazi isiyofungwa hubebwa mbele. Mimi mwenyewe ndiye niliyeifunza hivyo. Ilipofika siku ishirini na moja nilimwendea Aimée nikamwomba auondoe. Hakunikasirikia.

"Iko mu fichier yako, Mama. Minye nakusanya tu."

Kazi hufungwa kwa neno moja kati ya mawili, IMEISHA au IMEACHWA. IMEACHWA ungekuwa uongo, kwa sababu sikuacha, nilikamatwa. IMEISHA ilikuwa kweli: kazi ile niliifanya wiki tatu, na niliifanya vizuri. Nilikaa wiki nyingine mbili kabla vidole havijakubali kuandika IMEISHA. Jumatatu hiyo Papa Kabongo alisoma karatasi yake, mstari wangu haumo, akaigeuza kutazama nyuma, akaikunja.

Sasa ni mwaka wa pili. Wateja wakifika, Injinia huwaambia, "Uliza Aimée." Wivu bado ninao. Tunasalimiana, ananiita Mama, huniletea karanga akitoka sokoni, na neno samahani sijawahi kumwambia.

Haya yote nimeyaandika leo, Ijumaa, katika faili lile lile, ndani ya folda ile ile ya mafaili yetu. Juu yake nimeweka: KUFANYA. Kumwomba Aimée msamaha kwa mdomo wangu, mbele ya mafundi. Tarehe ni Jumatatu, saa moja na nusu. Karatasi atachapa yeye.