Siga ya Mkanda Mwekundu

Fyuuu. Kimya. Fyuuu.

Kabla sijafungua mlango wa nyuma niliisikia pasi ya mvuke, na kwa urefu wa kile kimya nikajua mjomba amechoka. Asubuhi mvuke hufuatana kama pumzi za mtu anayepanda ngazi mbio. Ikifika saa kumi na moja jioni, kati ya fyuuu moja na nyingine unaweza kukunja shuka mbili.

Mfukoni nilikuwa na siga yetu ya kila siku. Si zile za wakubwa. Ni sigara nene ya jani tupu, fupi kama kidole, bei yake mkate mmoja, na sifa yake moja tu: ni laini. Haikwaruzi koo, haizungushi kichwa. Mjomba huikata katikati kwa mkasi wa nyuzi, nusu yake, nusu yangu, na kwa robo saa sisi si madobi wa mtu yeyote.

Ila leo haikuwa ile.

"Za mkanda wa manjano zimeisha," muuza duka aliniambia. "Chukua hii ya mkanda mwekundu. Ni kaka yake."

"Kaka yake ana tabia gani?"

"Mkali kidogo. Lakini nyie wapiga pasi mmezoea moto."

Miguu ilikataa kwenda duka la pili. Nikanunua, nikaubandua ule mkanda wa karatasi njiani mjomba asiuone, nikasema liwalo na liwe.

Mimi na mjomba hatukuwa tunaongea vizuri tangu juzi. Mama mwenye nyumba ya wageni, mteja wetu mkubwa, alirudisha shuka kumi na mbili. Zilinuka uvundo. Mjomba akamwambia mbele yangu, "Kijana alilipua kazi." Sijawahi kulipua kazi ya mtu. Tena kwetu nguo haifungwi kabla mjomba hajainusa. Pua yake ndiyo muhuri. Nilizifua upya jana, mvua ikashinda inanyesha, zikakaukia ndani, akazianua mwenyewe. Kesho asubuhi mama yule anazifuata. Zikinuka tena, atahamia kwa dobi mwingine na kila kitambaa alicho nacho.

Ndani hatuvuti, nguo hunywa moshi kuliko mtu. Tulivua aproni, tukakaa uani juu ya beseni zilizopinduliwa. Mjomba akakata, akawasha. Nilivuta yangu, ikashuka kooni kama kamba ya moto, macho yakajaa maji. Nikasubiri matusi.

Mjomba alikohoa mara moja, akaulaumu mvuke. Akavuta tena, akafumba macho.

"Laini," akasema. "Majani makavu na ganda la mkate. Hawa watu hawabadiliki."

Maneno yale yale ya kila siku. Nikadhani ananitania.

"Leo huoni tofauti, mjomba?"

"Tofauti gani? Umeshakuwa mwonja siga wewe?"

Niliweka nusu yangu juu ya tofali, nikaingia ndani. Shuka kumi na mbili zilikuwa mezani, zimefungwa kamba, tayari. Nikaingiza uso katika ile ya juu. Uvundo, kama tambara la jikoni lililosahaulika ndooni.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Maneno nilikuwa nayo tangu juzi, nimeyapanga, nimeyanoa. Nikatoka nayo. Nikamkuta amevua viatu, miguu imevimba, anautazama moshi unavyopanda. Nikakaa tena juu ya beseni langu.

"Siga hiyo ni ya mkanda mwekundu," nikasema. "Ile kali."

Aliigeuza vidoleni.

"Nilidhani ni koo langu tu."

"Tangu lini hupati harufu?"

"Yale mafua ya mwaka jana. Yaliondoka na pua yangu. Kila asubuhi nafungua chupa ya dawa ya madoa, nanusa. Sawa na maji."

"Na shuka?"

"Napapasa. Zikiwa kavu, nasema safi." Akapangusa jivu gotini. "Nilikusingizia, mpwa wangu, na nilijua si wewe. Lakini dobi asiye na pua ni nani? Ni kinyozi kipofu. Nani atampa kichwa chake?"

"Sasa siga unavutia nini?"

"Joto. Na moshi nauona. Na wewe unakaa karibu yangu umenyamaza, jambo ambalo kwingine limekushinda."

Nilitaka kubaki na hasira yangu, nikashindwa kuibeba. Nikaiokota nusu yangu. Safari hii moto ulikuwa mdogo, au mimi ndiye nilikuwa nimechoka zaidi. Tukavuta taratibu mpaka ikaanza kuunguza vidole.

Tulinawa kwa sabuni mara mbili. Nikafungua kamba, nikaanza kujaza maji ya moto. Tungezikausha kwa pasi, moja moja. Mjomba aliinuka, magoti yakalia.

"Kesho nitamwambia yule mama kila kitu," akasema.

"Mwambie halikuwa kosa langu. Hilo nalitaka, na useme mbele yangu, kama ulivyonisingizia. La pua liache." Nikampa beseni. "Nguo utaipiga pasi wewe, utaikunja wewe, nitainusa mimi. Haitatoka nguo hapa sijaipitisha puani, naahidi, mjomba. Na kesho nitakuletea ile ya manjano, hata ikiwa duka la tatu."